Gari inachemsha, nimebadili rejeta, pampu na mota ya feni bado mshale unapanda, naombeni msaada kabla sijafungua silinda hedi

#1 Mleta uzi

Wakuu salama. Nina gari ndogo ya petroli, silinda nne, feni ya umeme moja, naomba mnisaidie kabla sijaiuza kwa hasira.

Ilianza kama utani miezi miwili nyuma. Nikipanda mlima mrefu mshale wa temperecha unanyanyuka kidogo, nikifika juu unarudi katikati, nkasema ah ni mzigo tu. Wiki ya pili ikawa kila nikifika nyumbani nikizima nasikia kile kichupa cha akiba kinachemka, yani kinatokota kabisa kama sufuria iko jikoni, afu asubuhi nikifungua rejeta maji yamepungua kama nusu lita wakati kichupa kimejaa hadi shingoni. Naongeza, naondoka, jioni yaleyale.

Nikapeleka kwa fundi. Akatoa themostati, ile valvu inayofungua njia ya maji kwenda rejeta, akasema hii ni ya nchi za baridi haina kazi. Nikaondoka, ikawa mbaya zaidi, saizi inachemsha hata tambarare. Nikarudi, akasema rejeta imeziba, tukabadili rejeta. Wakati wa kufunga mota ya feni ikawa inapiga kelele, tukaweka mota ya mtumba. Bado. Tukabadili pampu ya maji. Bado. Na sasa inachemsha hata foleni kitu ambacho mwanzo haikuwa nacho kabisa. Jana kaniambia imebaki gasketi ya silinda hedi, ile sili kati ya kichwa cha injini na bloku, tufungue injini.

Nimechoka. Kuna mwenye kujua?

#2 Msoma kimya

Pole mkuu. Hiyo ni gasketi, usijidanganye, andaa hela.

#3 Mzee wa spana

Tulia kwanza kaka, usifungue kitu chochote. Umebadili vitu vitatu na kutoa kimoja na hakuna hata sehemu moja kwenye maelezo yako uliposema kuna kitu kilipimwa. Gari inayochemsha sio ugonjwa, ni kama homa, mtu mwenye homa humpi dawa zote za duka moja baada ya nyingine mpaka ipone.

Mimi mteja akija na gari inachemsha naanza na maswali mawili tu. La kwanza, inachemsha LINI? La pili, maji yanaenda WAPI?

Hilo la lini watu wanalidharau ila ndo nusu ya kazi. Gari ikichemsha foleni au ikiwa imesimama inanguruma, afu ukipata mwendo inapoa, hapo tatizo ni upepo, maana ukiwa kwenye mwendo upepo unaingia wenyewe mbele ila ukisimama feni ndo inafanya kazi yote. Kwa hiyo unaangalia feni, fyuzi, relei, sensa, na ile plastiki inayozunguka feni kama ipo, maana kuna watu wanaitoa wanaona inabana nafasi. Ikigeuka, yani foleni iko poa ila ukikimbia au ukipanda mlima inapanda, hapo upepo upo, kinachokosekana ni maji kuzunguka au rejeta kushindwa kutoa joto. Rejeta kuziba ndani, mapezi kujaa uchafu nje (angalia katikati ya rejeta na kondensa ya AC, ile kama rejeta iliyo mbele yake, pale panajaa majani na vumbi mpaka panakuwa kama godoro na kwa mbele huoni kitu), mapanga ya pampu kuliwa na kutu, themostati kutofunguka vizuri, au mpira wa chini wa rejeta kunyonywa ukabonyea injini ikipiga resi. Na ikichemsha ndani ya dakika chache tu toka umeiwasha asubuhi, hapo maji hayapo au kuna hewa imekaa ndani, au themostati imeganda ikiwa imefunga.

Sasa soma tena maelezo yako mwenyewe. Umeanza na mlima. Ukatoa themostati ikaja tambarare. Ukafunga mota ya feni ikaja foleni. Hizo ni hatua tatu tofauti. Mimi naona hapo kuna zaidi ya ugonjwa mmoja na mingine imeletwa na tiba.

Nijibu: kuna maji yanadondoka chini? Oili kwenye kijiti ina rangi gani? Eksozi inatoa moshi mweupe injini ikiwa imeshapata moto? Hita ya ndani ikiwashwa gari ikiwa inachemsha inatoa joto au baridi? Na kifuniko cha rejeta ni kile cha zamani?

#4 Mleta uzi

Asante sana mzee kwa muda wako. Chini hakuna tone, nimeweka boksi usiku kucha liko kavu. Oili iko kawaida, nyeusi nyeusi, hamna rangi ya maziwa. Moshi mweupe hamna, asubuhi tu kidogo afu unaisha. Hita sijawahi kujaribu. Kifuniko ndio, cha zamani, rejeta mpya ilikuja bila kifuniko tukahamisha kile kile.

#5 Dereva wa malori

Me naendesha malori mwaka wa 20 huu na themostati natoa siku ya kwanza, hamna lori langu limewahi kuchemsha. Hapo kwenye themostati fundi wako hana kosa.

#6 Mzee wa spana

Dereva nakuheshimu ila hilo linategemea injini, na wengi wanaunguza injini hapo hapo.

Themostati sio koki ya kuzuia maji tu. Injini nyingi, za Toyota zimo, themostati ina sahani mbili. Ile kubwa inafungua njia ya rejeta maji yakishapata moto, inaanza kwenye nyuzi 82 au 88 hivi kulingana na namba iliyogongwa pale juu. Ile ndogo ya chini kazi yake ni kuziba njia ya mkato. Injini ikiwa ya baridi maji yanazunguka humo humo kwenye injini kwa ile njia ya mkato bila kupita rejeta. Ikipata moto, sahani kubwa inafunguka na ndogo inaziba mkato, maji yote yanalazimika kupita rejeta.

Ukiitoa umeacha njia zote mbili wazi. Maji hayana akili, yanafuata panapopitika kirahisi, na njia fupi ndo rahisi. Sehemu kubwa ya maji moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Mlimani utachemsha na tambarare utachemsha, hata ufunge rejeta ya treni. Injini zisizo na hiyo sahani ya pili ukitoa themostati haichemshi, ila inakimbia ya baridi muda wote, kompyuta inadhani bado asubuhi inazidi kumwaga mafuta, unywaji unapanda na oili inachafuka mapema. Kwa vyovyote kutoa themostati sio matengenezo.

Mleta uzi ile themostati yako iko wapi?

#7 Mleta uzi

Ipo kwenye buti, alinipa kwenye mfuko. Sikuitupa kumbe nna akili kidogo.

#8 Fundi umeme

Naongezea upande wangu. Kwanza usiuamini sana huo mshale. Gari nyingi za kisasa mshale umetengenezwa ukae katikati kwa makusudi, maji yakiwa nyuzi 80 uko katikati, yakiwa 100 uko katikati vile vile, ili dereva asiwe na wasiwasi. Ukiona umeondoka katikati ujue mambo yameshaharibika muda. Afu kuna ubaya mwingine, maji yakiisha kabisa sensa inabaki hewani, mshale unaweza kushuka ukafurahi gari imepoa kumbe injini inaungua. Tafuta skana ndogo ya kuchomeka chini ya dashibodi unasoma kwenye simu, uone namba halisi ya temperecha.

Pili feni. Washa AC, gari nyingi feni inatakiwa iwake hapo hapo au baada ya sekunde chache. Isipowaka angalia fyuzi, badilishana relei na ya honi kama zinafanana, afu peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota. Ikiwaka hapo mota nzima, tatizo liko kwenye amri, yani fyuzi, relei, sensa au waya.

Ila kuwaka peke yake haitoshi. Chukua karatasi nyepesi ya daftari, feni ikiwa inazunguka iweke mbele ya gari kwenye grili. Feni iliyo nyuma ya rejeta inatakiwa IVUTE, karatasi inaganda yenyewe ukiiachia. Fanya hilo alafu uje utuambie.

#9 Mwanafunzi wa gereji

Samahani wakubwa swali la kijinga, kwa nini mzee kauliza kifuniko? Si ni mfuniko tu wa kuzuia maji yasimwagike?

#10 Mzee wa spana

Sio swali la kijinga mwanangu, watu wazima wameshindwa hapo.

Maji ya wazi yanachemka nyuzi 100, na ukiwa sehemu ya juu milimani ni chini ya hapo. Injini inafanya kazi karibu sana na hiyo namba, na ndani ya kichwa karibu na vyumba vya moto kuna sehemu joto linazidi hapo. Sasa kifuniko kina springi na raba. Kinashikilia presha, angalia juu yake kimeandikwa 0.9 au 1.1, ni kama mara moja ya presha ya hewa juu ya ile ya kawaida. Kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 120, na ukiwa na kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, nusu kwa nusu ni zaidi ya hapo. Raba ikichoka presha inatoka mapema, maji yanachemka wakati injini iko kwenye joto lake la kawaida kabisa. Yani injini haina ugonjwa ila maji yanachemka.

Na kuna valvu nyingine ndogo katikati ya kifuniko kwa chini, unaweza kuivuta kwa kucha. Gari ikipoa maji yanasinyaa, hiyo valvu inafunguka kuvuta maji kutoka kwenye kichupa kurudi rejeta. Ikiganda maji yanatoka ila hayarudi. Kichupa kinajaa, rejeta inapungua nusu lita. Si umesikia mahali hayo maelezo?

#11 Dada wa spea

Mzee umenikumbusha mbali. Mimi nilifungua silinda hedi bure. Gari ilikuwa inarusha maji kwenye kichupa, nikaambiwa gasketi, ikafunguliwa, ikapelekwa kusawazishwa, gasketi mpya, bolti mpya, wiki nzima natembea kwa miguu. Kufunga tu ikarusha maji tena. Ilikuwa kifuniko. Kidude unachokishika kwenye kiganja. Toka siku hiyo sikubali mtu afungue kichwa bila vipimo.

Kwa hiyo mleta uzi, kabla ya gasketi kuna vipimo vya bure kabisa:

Asubuhi injini ikiwa imelala usiku mzima fungua kifuniko. Ukisikia pssss ujue kuna gesi imekaa humo usiku kucha, maana maji yakipoa presha inaisha yenyewe. Hiyo ni dalili mbaya.

Funga, washa, afu shika mpira wa juu wa rejeta. Ndani ya dakika moja mbili mpira ukiwa mgumu kama tairi wakati maji bado ya baridi, moto wa silinda unaingia kwenye maji. Kama unabaki laini mpaka joto lije taratibu hapo bado kuna matumaini.

Kingine, ukiwasha kifuniko kikiwa wazi ukiona mapovu yanatoka mfululizo hayaishi, mabaya. Mapovu machache mwanzo yanaweza kuwa hewa tu.

Kingine kipo kile kipimo cha maji ya bluu, unaweka chupa yake kwenye mdomo wa rejeta inavuta hewa iliyo juu ya maji, ikigeuka njano kwa gari ya petroli basi gasi ya moshi imo. Mafundi wengi hawana ila waulize, wapo.

#12 Msoma kimya

Na kupima kompresheni ya silinda si inaonyesha?

#13 Dada wa spea

Inaonyesha kama imetoboka sana au imepasuka kati ya silinda mbili jirani, hapo zote mbili zinasoma chini. Ila kama inavuja kidogo kwenda kwenye maji kompresheni inaweza kusoma vizuri kabisa afu bado mbovu. Ndo maana nikaanza na mpira na mapovu sio kompresheni.

#14 Fundi umeme

Jamani kabla hajaenda kufungua vifuniko tuwe makini. Kifuniko kinafunguliwa injini ikiwa BARIDI. Sio vuguvugu. Kuna kijana tulikuwa nae gereji alifungua na kitambaa akaona anajua, presha ikitoka yale maji yaliyokuwa nyuzi 115 yanageuka mvuke papo hapo yanaruka juu yote, mkono na shingo vilitoka ngozi. Bonyeza mpira wa juu kwanza, ukiwa mgumu au huwezi kuushika kwa kiganja acha kifuniko kilivyo.

Na ikichemka barabarani, zima AC, fungua hita kwenye moto wa mwisho na feni ya ndani ya mwisho, hita nayo ni rejeta ndogo inasaidia. Mshale ukiendelea kupanda simama zima, fungua boneti, kaa nusu saa au zaidi. Usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, aluminiamu inapinda au kupasuka hapo hapo, na hiyo gasketi mnayoiogopa ndo mtaileta wenyewe.

#15 Mleta uzi

Wakuu nimerudi. Asubuhi leo saa 12 kabla sijanawa uso nimefungua kifuniko, kimya, hamna pssss. Nikafunga nikawasha nikashika mpira wa juu kama mtoto ameshika mkono wa mama, dakika ya kwanza laini, ya tatu laini, ya sita ukaanza kupata joto taratibu na kukaza kidogo kidogo. Mapovu nayo yalitoka matatu manne yakaisha.

Nimeangalia kifuniko kwa mara ya kwanza tangu ninunue hii gari. Raba yake imekuwa ngumu kama plastiki ina mikwaruzo imezunguka, na ile valvu ndogo ya katikati imeshikana kwa kutu haivutiki kwa kucha, nimetumia bisibisi ndo ikaachia. Namba inasomeka 0.9.

#16 Mzee wa spana

Ugonjwa wa kwanza huo hapo. Nunua kingine chenye namba ile ile 0.9, usije ukaweka cha 1.1 ukidhani ni bora zaidi, unaweza kupasua mipira na vichwa vya plastiki vya rejeta yako mpya. Sasa nenda kwenye feni.

#17 Mleta uzi

Jamani.

Nimewasha AC, feni ikawaka vizuri, inazunguka kwa nguvu mpaka nikasema hapa Fundi umeme kanipotezea muda. Nikachana karatasi ya daftari nikaiweka mbele ya grili nikaiachia. Ikaruka ikaenda kudondoka kama hatua mbili mbele ya gari. Nikafikiri ni upepo wa nje. Nikarudia nikiwa nimeikinga na mwili, ikanipiga usoni. Nikaweka kiganja pale kwenye grili nasikia upepo wa MOTO unanijia.

Feni inapuliza kwenda mbele.

#18 Mwanafunzi wa gereji

😂😂😂 aiseee

#19 Fundi umeme

Nilihisi ila sikutaka kusema kabla hujaona mwenyewe. Hiyo mota ya mtumba ilikuja na soketi tofauti si ndio? Wakakata waya wakaunga. Mota za feni nyingi ni za umeme wa betri wa moja kwa moja zenye brashi, ukigeuza chanya na hasi inazunguka kinyume, haiungui wala hailalamiki. Au mota yenyewe imetengenezwa kuzunguka upande mwingine na wao wameweka panga la zamani.

Ubaya wake ni mara mbili. Panga limekatwa kwa upande mmoja, likizunguka kinyume linasukuma upepo kidogo tu. Afu huo kidogo linaochukua ni hewa ya moto ya kwenye injini linaupitisha kwenye rejeta kurudi mbele. Ukiwa foleni unajipikia mwenyewe. Na ukiwa kwenye mwendo kompyuta ikiona joto inawasha feni, feni inaanza kugombana na upepo wa mbele.

Geuza zile waya mbili kwenye mota, zifunge vizuri kwa kuchomea sio kusokota na selotepu, zinabeba ampea nyingi pale. Rudia karatasi.

#20 Dereva wa malori

Hii ya karatasi sijawahi kuisikia miaka yote, nimeenda kujaribu kwenye kipikapu changu saizi hivi 😄 imeganda.

#21 Mleta uzi

Nimegeuza waya. Karatasi imeganda kwenye grili kama imebandikwa kwa gundi, nimepiga picha nikamtumia fundi, hajajibu. Nimekaa foleni dakika 40 na AC iko wazi, skana ya simu inasoma inapanda hadi 97 feni inawaka inashuka 91 inazima, inapanda tena. Kifuniko kipya nimefunga. Kichupa hakichemki tena nikizima.

Ila barabara kuu nikikaza na kale kamlima ka mwanzo bado inafika 106, 107. Haifiki kwenye nyekundu ila sijaridhika.

#22 Mzee wa spana

Haiwezi kuridhisha, themostati yako bado iko kwenye buti. Ichukue, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, washa moto, weka kipimajoto. Iangalie inaanza kufunguka kwenye ngapi na ikifika karibu na kuchemka imefunguka kiasi gani. Kama haifiki milimita 8 hivi nunua mpya. Nunua mpya hata hivyo kama hujui umri wake, na gasketi yake ya raba.

Ukiifunga themostati, ile tundu yake ndogo yenye kipini kinachotikisika ikae juu, pale ndo hewa inapotokea. Watu wanaiweka chini afu wanashangaa hewa haitoki.

Kutoa hewa sasa, maana ulishamwaga maji mara tatu na sidhani kama kuna mtu alitoa hewa vizuri. Paki mbele ya gari ikiwa juu kidogo. Hita kwenye moto wa mwisho. Jaza rejeta taratibu, minya minya mpira wa juu na wa chini kwa mkono usikie inavyobwabwaja. Kama injini ina skrubu ya kutolea hewa ilegeze mpaka itoke maji bila mapovu. Washa kifuniko kikiwa wazi toka injini ya baridi, iache ingurume, maji yatashuka unaongeza, themostati ikifunguka yatashuka ghafla unaongeza tena. Yakianza kupanda kutaka kumwagika funga. Endesha kidogo, acha ipoe kabisa, angalia tena kesho yake. Hita ikitoa joto kali muda wote hewa imeisha, ikitoa joto afu baridi afu joto bado ipo.

#23 Msoma kimya

Maji ya bomba au kulanti? Me naweka maji tu toka zamani.

#24 Dada wa spea

Maji matupu yanabeba joto vizuri tu, hata kuliko kulanti, shida yake ni yanachoacha nyuma. Kutu kwenye injini, magamba meupe kwenye mirija ya rejeta, na pampu inakosa kulainishwa sili yake. Fungua rejeta iliyotumia maji matupu miaka mitano uone ile uji wa kahawia. Weka kulanti nusu na maji yaliyosafishwa nusu, yale ya betri yanafaa, ila ya betri yale ya kuongezea sio asidi jamani, kuna mtu alishawahi kuja dukani ananiuliza. Na usichanganye aina mbili za kulanti kwa kuangalia rangi, rangi ni mapambo ya kiwanda, nyingine zikikutana zinaganda kama jeli. Soma maandishi.

#25 Mleta uzi

Ripoti ya mwisho wakuu, samahani nilipotea siku nne.

Themostati niliipika jikoni wife ananiangalia kama nimechanganyikiwa. Kwenye 82 ikaanza kufungua mdomo, kwenye 95 ilikuwa wazi kabisa karibu milimita 9. Yani ilikuwa nzima siku zote, ilitolewa bila kosa. Nimenunua mpya hata hivyo kama mzee alivyosema, hii nimeiweka akiba.

Nimefunga, nimetoa hewa kama ulivyoeleza, ilichukua karibu saa nzima na mara mbili maji yalishuka ghafla nikashtuka, kumbe ndo inafunguka. Kulanti nusu kwa nusu. Jana nimepanda ule mlima nikiwa na watu wanne na AC. Skana ilisoma 88 tambarare, mlimani ikafika 95, kushuka ikarudi 87. Nikarudia kesho yake yani leo, hivyo hivyo. Asubuhi hii rejeta imejaa mpaka mdomoni na kichupa kiko kwenye alama yake.

Kwa udadisi nikaichukua ile rejeta ya zamani iliyosemwa imeziba nikaiwekea mpira wa bustani juu, maji yametoka chini kwa nguvu ile ile yanayoingia, pezi zote zinaonekana. Imelala hapo nyuma ya nyumba inanitazama.

#26 Mzee wa spana

Maji kupita sio kipimo kamili, inaweza kupitisha na mirija ya pembeni imeziba, unapima kwa kupapasa joto sehemu moja moja ikiwa kazini. Ila kwa hali ya gari yako ilivyokuwa na ulivyoeleza nadhani ilikuwa nzima. Itunze, hiyo ni spea.

#27 Dereva wa malori

Hongera mkuu. Ila narudia lori langu halina themostati na halijawahi kuchemsha.

#28 Mzee wa spana

Linakunywa mafuta kiasi gani?

#29 Dereva wa malori

Hilo anzisha uzi mwingine 😂